Eti "dada sogea, unachafua picha"! Kwenye mto niliousafisha mimi!

BintiUluguru (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi. Sijaoga, tope limekauka hadi kwenye kope, na naandika hivi hivi kwa sababu nikioga hasira itapoa na sitaki ipoe.

Yule bwana mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa fulana nyeupe, ambaye msibani anapiga picha na jeneza na harusini anakaa katikati ya bwana na bibi. Leo kaja mtoni.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, sisi tumeshuka Mto Morogoro kabla ya jogoo. Vijana wa bodaboda upande huu, akina mama wa vikoba upande ule, wanachuo katikati wanapiga kelele tu. Mto wenyewe mnaujua. Kule juu Uluguru unatoka msafi, kokoto unazihesabu, watu wanapanda Morningside wanakunywa kwa viganja. Ukigusa mjini tu, pampasi. Pampasi iliyokunywa maji ya mto hainyanyuliki, wakuu. Nimevuta moja nikadhani nimevua kambale, nikaita watu.

Kuna mahali chini ya mizizi ya mkuyu nimechimbua kwa mikono hii. Juu chupa za maji. Chini yake mifuko ya rambo, ile iliyopigwa marufuku Juni 2019. Chini kabisa, kwenye tope jeusi linalonuka yai viza, vifuko vya viroba! Pombe ya viroba ilipigwa marufuku Machi 2017, na vifuko viko pale maandishi yanasomeka, rangi haijapauka hata kidogo. Nimejaza gunia mimi. Nimelifunga kwa kamba ya katani mimi. Nimelipandisha ukingoni kwa mgongo, mimi.

Saa nne, gari hilo linaingia, vioo juu. Anashuka na glovu mpya, bado zina ule unga mweupe. Buti mpya, karatasi ya bei inaning'inia. Wapiga picha wawili. Moja kwa moja kwenye gunia LANGU. Akalishika masikio, akakunja uso kama amebeba zege tangu alfajiri, halafu akanigeukia mimi niliyesimama pembeni nahema:

"Dada, sogea kidogo, unachafua picha."

UNACHAFUA PICHA.

Mto umechafuka miaka yote hii hajauona. Picha ndiyo kaiona. Mimi, mwenye gunia, ndiye uchafu wa siku ya usafi!

Kisha akahutubia mpaka jua likahama. Oh, uzalendo. Oh, utalii wa ndani. Ukingo huu utakuwa bustani ya kupumzikia, vimbweta, njia ya kukimbilia asubuhi, watoto wataogelea. Sawa, hata mimi naitaka hiyo bustani. Lakini nitakaa wapi, kama nachafua picha? Na gunia nani kalipakia kwenye kirikuu baada ya yeye kuondoka? Kaisoma namba nani? Mimi.

Unachafua picha. Jamani. Unachafua. Picha.

kipanga mzee

Pole sana dada. Ila tupia hiyo picha tuhakikishe. Isije ikawa kweli ulikuwa unaichafua.

Mjukuu wa Kingalu

Hahaaa karatasi ya bei! Huyo namjua, mwaka jana alipanda mti mahali pale pale, mti ukafa, akaja kupanda mwingine kwenye shimo lile lile na shati lile lile.

PilauKwanza

Swali la msingi. Chakula kilikuwepo?

BintiUluguru

Mkate mkavu na maji. Pilau ilikuja na msafara wake na ikaliwa na msafara wake.

PilauKwanza

Sasa dada, hicho ndicho kingekuwa kichwa cha uzi. Picha inafutika. Pilau ikishaliwa hairudi.

kipanga mzee

Na alipokwambia usogee, ulisogea?

BintiUluguru

Nilisogea, ndiyo, kamera mbili zimenielekea ningefanyaje? Lakini alisema UNACHAFUA...

kipanga mzee

Basi picha ilitoka safi. Mshukuruni dada.

wakili wa kijiweni

Naomba niweke kumbukumbu sawa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo hata hivyo vimbweta alivyoahidi, kama ni vya zege, aanze kwa kujieleza.

Bwana Mafiga

Mita 60 mkuu? Hapa kwetu ukivuta futi kutoka mtoni unapita jikoni kwangu, unapita chumbani, unatokea kwa jirani wa tatu akiwa anaoga. Hiyo sheria ije taratibu, tuna watoto.

wakili wa kijiweni

Mimi nimesema sheria, sijasema nyumba yako.

Bwana Mafiga

Umeisema. Nimekuona.

mtoto wa Jangwani

Nyie mna mto wa kuufuata na gunia. Sisi huku Dar, Msimbazi hausubiri ufuatwe, mvua ikinyesha Pugu tu unakuja wenyewe kukagua chini ya kitanda. Na ngojeni kwanza. Huo mto wenu si unaingia Ngerengere? Ngerengere si inaingia Ruvu? Na Ruvu si ndiyo maji tunayokunywa Dar? Hizo pampasi zinaelekea wapi wakuu??

Mjukuu wa Kingalu

Zinaelekea kwako. Chemsha, chuja, kunywa taratibu.

Tena tukiongea ukweli, nyie wa Dar ndio wa kwanza kupiga kelele kwamba Mluguru asilime mteremkoni, udongo unaporomoka, maji yanakuja mekundu. Halafu sokoni huyo huyo Mluguru akishusha tenga la nyanya mnampa bei ya kutupa. Aache kulima ale nini, ukungu?

mtoto wa Jangwani

Alime matuta ya ngazi, babu zake walifundishwa.

Mjukuu wa Kingalu

Walilazimishwa, na mwaka 1955 wakagoma. Uliza wazee.

Boda Msamvu

Naona uzi mzima pampasi pampasi. Hamuwasemi wanaoingiza pikipiki katikati ya mto, sabuni inaelea, mafuta yanang'aa rangi saba, na chini yao mtoto anachota ndoo.

dereva asiyelala

Mimi naosha hapo hapo. Kwenye mashine ya kuoshea wanataka hela ya abiria watatu. Utanilipia wewe?

Boda Msamvu

Osha nyumbani.

dereva asiyelala

Nyumbani maji hayajatoka tangu juzi. Tunarudi mtoni.

shangazi wa wikiendi

Mnagombania pikipiki, mimi kero yangu ni spika. Jumapili unachukua watoto, unabeba chapati na chai kwenye chupa, unatafuta jiwe zuri ukae usikie maji. Anakuja kijana na spika kubwa kama friji, anaiweka kwenye jiwe la jirani. Ndege wamehama, vyura wamehama, mimi nimebaki na singeli. Mifupa ya kuku wanaacha hapo hapo.

PilauKwanza

Kuku wa kukaanga au wa kuchoma?

shangazi wa wikiendi

Wa kuchoma. Na ndizi.

Mchaga mtembezi

Ndiyo maana mimi mapumziko yangu nafanya kwetu Kilimanjaro. Asubuhi unapanda Materuni kwenye maporomoko, maji baridi mpaka meno yanauma, ukishuka unapewa kahawa waliyoitwanga mbele yako. Mchana Chemka, kwenye chemchemi, unaogelea. Moro mna nini zaidi ya mawe?

Mjukuu wa Kingalu

Chemka gani, ile ambayo Jumamosi watu ni wengi kuliko samaki? Mara ya mwisho niliingia majini nikakanyaga mtu.

Mchaga mtembezi

Nenda siku ya kazi, asubuhi. Maji ya bluu, mizizi ya mikuyu hadi chini, visamaki vidogo vinakutafuna miguu bure.

shangazi wa wikiendi

Vinauma?

Mchaga mtembezi

Vinatekenya tu. Usipige kelele, watu watacheka.

BintiUluguru

Wakuu, samahani. Turudi kwenye mada. Picha zimeshatoka, nimeziona. Kwenye zote tatu yuko na gunia langu, na mkono wangu umeonekana pembeni, umekatwa hapa kwenye kiwiko. Mtu ameniambia UNACHAFUA PICHA na nyie mnaongelea samaki?

kipanga mzee

Mkono uko msafi au una tope?

shangazi wa wikiendi

Pole mwanangu, tumesikia. Mchaga, ile kamba ya kurukia pale Chemka bado ipo? Nina wajukuu watakuja likizo.

Mchaga mtembezi

Ipo shangazi. Waambie washike juu ya fundo, chini yake panateleza.

PilauKwanza

Na msosi unapatikana pale pale au tubebe?