Mtoto aligongwa kichwa, kocha anamtaka Jumamosi. Naomba ushauri

MamaFlanka
Wadau, salamu. Kijana wangu ana miaka 13 na anachezea klabu ya raga ya watoto hapa Nakuru. Anaipenda raga mno, nami sina nia ya kumtoa. Wikendi iliyopita mwenzake aligongwa na goti kichwani akijaribu kukaba. Alilala chini kidogo, akainuka akiyumba, kisha akaelekea upande wa wapinzani kana kwamba ndio wake. Kocha alimmwagia maji, akamuuliza kama yuko sawa, mtoto akaitikia, akaendelea kucheza. Jioni mama yake alinipigia kwamba anatapika. Hospitali walimwangalia wakamruhusu arudi nyumbani. Sasa kocha anamtaka kwa mechi ya Jumamosi hii.

Sanduku letu la huduma ya kwanza lina bendeji na dawa ya kuchua, basi. Halafu kuna jambo la pili. Kocha huwatumia watoto ujumbe wa faragha usiku kuhusu mazoezi, na huwapeleka nyumbani mmoja mmoja kwa gari lake. Sijaona wala kusikia ubaya wowote. Anajitolea bila malipo na wazazi wanamheshimu sana. Nianzie wapi bila kuonekana ninamshtaki?

Nesi_wa_Bondeni
Dada, huyo mtoto asicheze Jumamosi. Hilo halina mjadala. Kuyumba peke yake kulitosha kumtoa, na kupotea uwanjani vilevile. Si lazima mtu azimie ndipo ubongo uwe umetikisika. Wengi hawazimii kabisa. Msimamo wa World Rugby, shirikisho la raga duniani, ni kwamba mchezaji anayeshukiwa tu anatolewa papo hapo na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Ubongo uliotikisika ndio huo huo unaoulizwa kama uko sawa.

Uingereza mwaka 2023 walitoa mwongozo kwa michezo yote ya mitaani na shuleni: hakuna mechi kabla ya siku 21, na mazoezi ya kugongana ni baada ya siku 14 mfululizo bila dalili yoyote. Mimi ningeufuata huo. Kwanza arudi darasani na aweze kusoma bila kichwa kuuma, ndipo akimbie, ndipo ashike mpira, na kukabana kuwe mwisho kabisa.

Akigongwa tena kabla ya kupona, ubongo wa mtoto unaweza kuvimba ghafla. Benjamin Robinson wa Ireland Kaskazini alikuwa na miaka 14 alipofariki mwaka 2011, baada ya kugongwa zaidi ya mara moja katika mechi moja ya shule na kuachwa aendelee kucheza. Rowan Stringer wa Ottawa, miaka 17, alifariki 2013 baada ya kuumia kichwa mara kadhaa ndani ya siku chache. Jimbo la Ontario likatunga sheria yenye jina lake mwaka 2018.

Mwambie mama yake amrudishe hospitali mara moja akitapika tena, kichwa kikizidi kuuma, akiwa mgumu kuamka, akipata kifafa, mkono au mguu ukilegea, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine.

BabaWaWatatu
Sisi tulicheza Kakamega kwenye uwanja mkavu kama saruji, hakuna aliyetupima kichwa. Tukifuata haya yote watoto wataogopa mchezo.

Fowadi_Mstaafu
Kaka, nami nimecheza huko huko magharibi, na kuna wenzetu tuliowaona wakicheza kipindi cha pili chote halafu hawakumbuki hata matokeo. Tulidhani ni ujasiri. Mtoto anayejua kwamba akiumia atatolewa na kutunzwa ndiye anayekaba bila woga.

Mama Flanka, usipigane na kocha kuhusu mechi hii moja pekee. Dai kwenye kamati kwamba uamuzi wa kumtoa mtoto uwe wa mtu asiye kocha. Kocha ana mechi ya kushinda, hata akiwa mwema kiasi gani. Mtu huyo asimame kando ya uwanja kila mechi, refa na manahodha wajulishwe kabla ya kuanza, na neno lake lisipingwe. World Rugby ina kozi za bure mtandaoni kuhusu mtikisiko wa ubongo na ulinzi wa watoto, lakini huduma ya kwanza yenyewe hufundishwa kwa vitendo: Msalaba Mwekundu na St John Ambulance wanafundisha.

Kitu kimoja ambacho naona kila mahali: mtoto akianguka vibaya, watu wanamwinua kwa kwapa. Akilalamikia shingo, au asiposikia miguu, au akizimia, mchukulieni kuwa ameumia shingo. Mmoja ashike kichwa kisisogee, mwingine aangalie kama anapumua, wengine wakae mbali. Asiketishwe wala kupewa maji.

Sandukuni mnahitaji glavu, shashi, bendeji za pembetatu, mkasi, barafu, na karatasi yenye simu za wazazi. Na kabla ya mechi mjue gari ni la nani na hospitali ipi ina mashine ya CT, ya kupiga picha za ndani ya kichwa. Kuanza kutafuta hayo mtoto akiwa chini ni kuchelewa.

Afisa_Jamii
Nimefanya kazi na watoto miaka mingi, kwa hiyo nitajibu la pili. Usimlenge kocha. Leta kanuni zinazombana kila mtu mzima, hata wewe: ujumbe wote upite kwenye kundi lenye wazazi, hakuna mtu mzima kubaki peke yake na mtoto mmoja garini au chumba cha kubadilishia nguo, na kila anayeshughulika na watoto alete cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Mwenye nia njema atafurahi, maana kanuni hizo zinamlinda yeye pia. Anayekataa, kamati isimkabidhi watoto.

Mteueni pia mlezi wa watoto, asiwe kocha wala ndugu yake. Mtoto akija kusema jambo, amsikilize bila kumhoji sana, asiahidi siri, na aandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Kisha apige 116, ni bure, au aende kwa afisa wa watoto au dawati la jinsia polisi. Ikiwa ni ubakaji, hospitali ni kabla ya saa 72 kupita, mapema iwezekanavyo, ili apate dawa za kuzuia HIV. Msikubali kumaliza mambo kwa kikao cha wazee.

MamaFlanka
Asanteni sana, nimepata pa kuanzia. Nimeongea na mama wa yule kijana na amekubali asicheze. Kamati inakutana kesho jioni na wazazi wengine wanne wataingia nami. Nesi, shule nayo ijulishwe?

Nesi_wa_Bondeni
Ndiyo, kesho asubuhi. Mwalimu wa darasa na wa michezo wote wawili, kwa barua, waambatishe karatasi ya hospitali. Wasipojua, atapangwa kwenye mpira wa miguu wa shule na kuanza kupiga vichwa.