Ngano ya bure ya Roma: hongo ya Kaisari au haki ya raia?

Mleta mada:
Wakuu, kuna kauli imezoeleka mno: eti makaisari waliwalaza Waroma usingizi kwa mkate na michezo. Watu wakashiba, wakajazana uwanjani kushangilia gladieta, wakasahau kwamba kura yao imekwenda na maji. Mimi sikubali. Nasema ile ngano waliyogawiwa bure ilikuwa kitanzi shingoni mwa Kaisari mwenyewe.

Kwanza mgao haukuletwa na makaisari. Mwanasiasa Gaius Gracchus alipitisha sheria ya ngano ya bei nafuu mwaka 123 KK, mwanasiasa mwingine, Clodius, akaifanya ya bure mwaka 58 KK, yote hayo enzi za jamhuri, kabla ya makaisari. Julius Caesar ndiye aliyefyeka orodha ya wapokeaji kutoka watu 320,000 hadi 150,000! Augustus, Kaisari wa kwanza, akaja kutulia kwenye 200,000 hivi, kila mmoja modii (vipimo vya nafaka) tano kwa mwezi, yaani kama kilo 33.

Haya, twende mwaka 51 BK, Claudius yuko madarakani. Ngano iliyobaki mjini ni ya siku 15. Watu wakamzingira pale Forum, uwanja mkuu wa mji, wakamtukana na kumrushia vipande vya mkate. Aliponea kwa kuingia ikulu kwa mlango wa nyuma. Na huyu ndiye aliyekuwa anajenga bandari mpya karibu na Ostia, mji wa pwani jirani na Roma, kwa ajili ya meli za ngano hiyohiyo. Mtu uliyemhonga akanyamaza ndiye anakufukuza hivyo?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umejipiga mwenyewe. Anayekurushia mkate hadai kura, anadai mkate. Tiberius, mrithi wa Augustus, alipoingia tu, mwaka 14 BK, uchaguzi wa viongozi ulihamishwa kutoka kwa wananchi ukapelekwa senati. Wakanung'unika kidogo, basi, yakaisha. Lakini ngano ikichelewa, mji unawaka moto. Kama hiyo si hongo iliyokolea, ni nini?

Na Augustus alilijua hilo. Aliwahi kufikiria kuufuta mgao kwa kuwa watu walikuwa wanatelekeza kilimo. Akaghairi, akijua atakuja mwingine aurudishe ili apendwe.

Mchangiaji wa pili:
Nyote wawili mnabishana juu ya walaji. Aliyelima je? Misri ilitwaliwa mwaka 30 KK. Mwanamume wa kule akifika miaka 14 anaanza kulipa kodi ya kichwa, na ngano ya kodi ya mashamba inateremshwa Mto Nile hadi Alexandria, inapakiwa melini. Seneta hakuruhusiwa kukanyaga Misri bila idhini ya Kaisari, maana mwenye Misri amelishika koo la Roma. Mkulima yule hakuwamo kwenye orodha. Hata ndani ya Roma, mwanamke hakuandikwa, mgeni hakuandikwa, mtumwa hakuandikwa. Haki gani hiyo jamani?

Mleta mada:
Kwa Misri umenibana, sina ubishi. Lakini neno "haki" silifuti. Mgao haukuwa sadaka ya maskini. Ukiwa raia mkazi wa Roma na umo orodhani, unapokea, hata uwe mwizi. Hakuna aliyekuuliza tabia. Tena kuna mabwana waliowapa watumwa wao uhuru ili serikali iwalishe, huku wakiendelea kuwatumikia kama kawaida. Ujanja wa mjini haukuanza jana. Kwa hiyo ilikuwa posho ya uraia wa mji mmoja, ikilipwa kwa jasho la mikoa. Dhuluma kwa mkulima, ndiyo. Hongo, bado nakataa.

Mchangiaji wa tatu:
Mleta mada, nieleze jambo moja. Kaisari Trajan aliweka mpango wa kulea watoto katika miji ya Italia: wenye mashamba wanakopeshwa na serikali, riba yao inawalisha watoto. Kule Veleia, kaskazini, mvulana alipewa sesterti (sarafu za Roma) 16 kwa mwezi, msichana 12. Watoto wa Veleia hawakuwa na ubavu wa kwenda Forum kumrushia Kaisari mkate. Hicho kitanzi chako kilimfikiaje huko?

Mleta mada:
Hapo hakikuwepo, nakubali. Hapo alikuwa anafuga askari wa kesho. Ndiyo maana msichana alipunjwa zile nne.