"Ua langu halijavunjika?" Ndivyo alivyoniuliza, mbwa wangu akiwa anatetemeka sakafuni!

Mwenye_Simba:
Wakuu, naandika mikono bado inanitetemeka. Simtaji jina, mnamjua. Yule yule bingwa wa bustani za watu, anayetembea na mkasi wa kupogolea kiunoni kama askari na bunduki. Yule anayesema kila ua "halina shida kabisa".

Ndiye aliyenipandia lile ua la jana-leo-kesho, Brunfelsia kwa jina la kitaalamu. Linachanua zambarau, kesho yake linafifia, keshokutwa jeupe pee. Jioni linanukia hadi unasahau madeni. Ila hakuniambia kwamba maua yakishapukutika linazaa vitunda, na kwamba mti mzima ni sumu kwa mbwa, vitunda na mbegu ndiyo balaa kubwa!

Mbwa wangu kavila. Mimi nikadhani anatafuna kijiti. Akaanza kutokwa udenda, akatapika, akawa hatulii, mara miguu ikakakamaa kama ya meza. Mwili wote unatetemeka mpaka kucha zinagonga vigae, ka-ka-ka-ka. Nikimgusa, degedege linazidi. Nimepiga magoti, simu sikioni, namwita daktari wa mifugo, na hapo ndipo bwana mkubwa akaingia. Akamtazama mbwa. Akatazama nje kwenye bustani. Akauliza: "Ua langu halijavunjika?"

UA LANGU. HALIJAVUNJIKA.

Hakusema pole. Hakusema maskini. Na hilo ua "lake" nimelilipia mimi!

Daktari kwanza alidhani mtu kamtegea sumu, mpaka alipoziona mbegu kwenye matapishi. Akaniambia sumu hii haina dawa ya kuivunja yenyewe, unamhudumia mgonjwa mpaka mwili uitoe. Kachomwa dawa ya kutuliza degedege, katundikiwa dripu, na kutetemeka huenda kukaendelea siku kadhaa. Yuko hai. Lakini kila nikifumba macho naisikia ile sauti. Ua langu halijavunjika!

Bundi_Mkesha:
Pole mkuu. Ila swali la jamaa hujalijibu. Limevunjika au halijavunjika?

Mwenye_Simba:
Wewe ndiye yeye, nini?

MamaPaka:
Nyie wa mbwa mna nafuu. Njooni kwetu. Paka akidondokewa na chavua ya lili kwenye manyoya akajilamba, figo zinakufa ndani ya siku chache. Hata maji ya chombo cha maua ni sumu! Mgeni kaniletea shada la lili, nikalitupa mbele yake, mpaka leo kaninunia.

Kijiko:
Mngempa maziwa yaishe. Wa kwetu alikula kiatu kizima na kamba zake, kesho yake akaja kuulizia cha pili.

KwatoNne:
Kijiko, usiue mbwa za watu. Maziwa hayaondoi sumu. Na wale wa kuwanywesha chumvi ili watapike, acheni, chumvi yenyewe inaua. Mbwa akishashikwa na degedege usimtie kitu chochote mdomoni. Chukua tawi au mbegu uliyoikuta, kimbia kwa daktari. Mleta mada, kagua na bustani yote iliyobaki. Mbarika, ng'oa, mbegu zake ni hatari. Mnanaha, ng'oa. Ile sikadi inayofanana na mnazi mdogo inaharibu ini, na mbegu zake ndizo mbaya zaidi. Oleanda inavuruga mapigo ya moyo, na majani yake yakikauka sumu iko pale pale.

Mwenye_Simba:
Sikadi anazo MBILI, kaziweka mlangoni! Alisema "zinapendezesha kiingilio". Nikamwite aje azing'oe? Ataniuliza kama hazijavunjika!

UzioWangu:
Mmetaja oleanda, mmenitonesha kidonda. Jirani kapanda safu nzima kwenye mpaka wetu. Akipogoa, matawi yote yanaangukia kwangu. Nimemwambia nina mbwa watatu, akajibu "ni upepo". Upepo gani huo unaokata tawi kwa msumeno?

Mwenye_Simba:
Upepo walau haukutazami machoni ukauliza habari za ua!

Bundi_Mkesha:
Jamani tumeshaelewa, limevunjika. UzioWangu, wewe una matawi, mimi nina jogoo wa jirani. Anawika saa nane usiku. Nimemwambia mwenyewe, akasema nibadilishe chumba.

UzioWangu:
Saa nane ni mapema mno. Huyo anaona taa. Mwambie azime taa ya nje.

MamaPaka:
Mwenye hiyo taa atakuwa ndugu yake mgeni wangu. Alikuja tena jana. Na shada. Lili zile zile!

KwatoNne:
Mama, usimfungulie.

Kijiko:
Bundi, saa nane siyo jogoo peke yake. Kuna mbwa anambwekea. Nawasikia wote wawili.

Mwenye_Simba:
Mbwa wangu habweki saa nane. Yuko kwenye dripu!

Bundi_Mkesha:
Hatujakutaja mkuu. Kijiko, umesema unawasikia. Kumbe tunakaa karibu?

Kijiko:
Jogoo mwekundu, kilemba kimelala upande?

Bundi_Mkesha:
Huyo huyo!