Muziki wa Kiyidi wa leo: ni urithi au jina tu?

Mleta mada:
Wakuu, mwaka 2007 bendi ya Klezmatics ya New York ilipata Grammy kwa albamu yenye maneno ya Kiingereza ya Woody Guthrie, mwimbaji wa Oklahoma, Marekani. Watu wakashangilia muziki wa Kiyidi. Wa Kiyidi kwa lipi? Kiyidi ni lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ambao mamilioni yao waliuawa na Wanazi. Ukiiondoa lugha hiyo, mimi naona inabaki klarineti tu.

Mchangiaji 1:
Mkuu, umeanzia pabaya. Klezmer, yaani huo muziki wa Klezmatics, tangu mwanzo ni muziki wa ala, wa harusini. Hata jina lina asili ya Kiebrania, "vyombo vya muziki". Na wapigaji wa zamani walikopa kwa kila jirani: doina, wimbo wa huzuni, wameitoa kwa Waromania; bulgar, muziki wa kucheza, Bessarabia (leo hasa Moldova). Naftule Brandwein, fundi wa klarineti wa New York miaka ya 1920, husimuliwa kwamba aliwapa watu mgongo akipiga, wasije wakaiba mbinu za vidole vyake. Angeogopa nini kama hawakuwa wakiibiana?

Mchangiaji 2:
Sikilizeni klarineti yenyewe. Kuna kitu wanakiita krekhts: noti inakatwa ghafla, kama kwikwi ya mtu anayejizuia kulia. Brandwein anayo, Klezmatics wanayo. Na ile skeli yao ya freygish inakaribiana sana na Hijazi, moja ya maqam (skeli) za Kiarabu. Mpenzi wa taarab ya Unguja haimpigi chenga.

Mleta mada:
Kwikwi nimeikubali. Ila anayelia ni nani? Wanaozungumza Kiyidi na watoto wao leo ni hasa Wahasidi, Wayahudi wa kushika sana dini, kama wale wa Brooklyn, New York, na harusi zao ni kinanda cha umeme na midundo ya disko. Huku wapenzi wa klezmer wengi Kiyidi chenyewe wamejifunzia darasani.

Mchangiaji 3:
Basi jibu umejipa mwenyewe. Muziki wa Kiyidi wa leo ndio huo wa kinanda. Mwimbaji Lipa Schmeltzer amelelewa na Wahasidi, anaimba kwa lugha aliyolelewa nayo. Mwaka 2008 marabi, viongozi wa dini ya Kiyahudi, walipiga marufuku tamasha lake la Madison Square Garden, New York, akajitoa. Wazee hawahangaiki kupiga marufuku kitu kilichokufa.

Mleta mada:
Sawa, kiko hai. Lakini kinanda kile, dakika tano tu nazima.