Jiko la Bibi (michango tu, si stori)

JUMAPILI

Da Mwanaidi: Assalaam aleykum wanaukoo. Naona mmeingia wote 23. Kikundi hiki ni cha jiko la Bibi TU. Mambo ya harusi ya Kibwana yabaki kulekule.

Kibwana: Harusi ipi tena dada

Da Mwanaidi: Kibwana.

Da Mwanaidi: [picha]

Da Mwanaidi: [picha]

Da Mwanaidi: Ndivyo alivyochora fundi. Ukuta kati ya chumba cha nyuma na uani unatoka. Sinki linakaa dirishani, friji kushoto, jiko la gesi kulia, pembetatu. Hatua tatu tu kila upande. Makabati juu na chini, kaunta ya graniti, taa ndani ya jipsam. Pale kwenye karo panakuja kisiwa cha kukatia mboga, uani wote unapigwa taili. Bibi apumzike na moshi, jamani.

Da Mwanaidi: Jumla 3,200,000. Wajukuu 150,000 kila mmoja, wazazi wetu mtajipima wenyewe. Mwisho Ijumaa. Jumatatu ijayo fundi anaanza kubomoa.

Kibwana: Kisiwa? Yaani Bibi akitaka kitunguu tunapanda boti ya Pemba

Tatu: 😂😂😂

Ma'mdogo Rehema: 😂 Kibwana utalaaniwa wewe

Da Mwanaidi: Nimesema michango tu.

JUMATATU

Da Mwanaidi: Waliosoma 19. Aliyejibu ni Kibwana, na upuuzi wake.

Shangazi Saumu: Waaleykum salaam. Nimeona. Nipo msibani Pangani, tutaongea.

Zuhura: Da Mwana shikamoo. Samahani, hilo karo linaloondoka ndipo tunapochemshia rangi.

Da Mwanaidi: Marahaba. Rangi gani?

Zuhura: Ya ukindu. Si unajua kila Jumamosi tunakuwa hapo uani, wanawake tisa, wakati mwingine kumi na mbili. Sasa hivi tuna oda ya mikeka ya kwenda maonyesho ya Sabasaba. Ukindu umeanikwa mpaka juu ya banda la kuku.

Da Mwanaidi: Si mhamie kwa mwenyekiti wenu? Ana sebule kubwa.

Zuhura: Dada, mashupatu, yaani kanda za ukindu uliosukwa, yanaunganishwa chini, yamenyooshwa. Mkeka wa futi sita kwa tisa huushoni juu ya kochi. Na rangi inachemka nje, ikimwagika kwenye taili za watu nani atalipa?

Da Mwanaidi: Sasa hilo ni jiko la Bibi au karakana yenu? Maji ya Bibi, kuni za Bibi, watoto wenu wanalala chumbani kwa Bibi. Na lile sufuria la arobaini ya Babu mpaka leo lina zambarau.

Kibwana: Usinikumbushe. Pilau ya zambarau. Shehe alipakua mara mbili akasema mashallah

Tatu: 😂😂😂😂

Shangazi Saumu: Lile sufuria nililinunua mimi. Nilinyamaza tu.

Zuhura: Tulilipa shangazi. Tulinunua jingine.

Shangazi Saumu: Dogo.

Da Mwanaidi: Turudi kwenye hoja. Nani ametuma? Sijaona hata mmoja.

JUMANNE

Ba'mdogo Hamza: Makabati ni ya mbao gani?

Da Mwanaidi: Shikamoo ba'mdogo. MDF, ile nyeupe ya kung'aa.

Ba'mdogo Hamza: MDF ni unga wa mbao na gundi. Ikinywa maji inavimba kama andazi. Hapo Ngamiani, kwa joto na unyevu wa bahari, ile ya chini ya sinki haimalizi masika mawili. Droo zitagoma kufunga. Weka mninga. Kama hela haitoshi weka marine board chini, hiyo MDF ipande juu kusiko na maji.

Da Mwanaidi: Mninga ni bei mara ngapi ya hiyo? Halafu mninga kwenye nyumba ile haukai. Ungekuwa unakaa, kabati la Bibi lingekuwepo.

Ba'mdogo Hamza: Mwanaidi.

Ba'mdogo Hamza: Ujumbe huu umefutwa

Ba'mdogo Hamza: Ujumbe huu umefutwa

Ma'mdogo Rehema: Haya tena.

Shangazi Saumu: Hilo kabati lisitajwe humu. Nimeshasema toka mwaka ule.

Kibwana: Mie naomba kuuliza, boti ya Pemba nauli inatoka kwenye huo mchango au tunajitegemea?

Da Mwanaidi: Kibwana nitakutoa humu wallahi.

JUMATANO

Salim Ujerumani: Habari zenu ndugu, shikamooni wakubwa. Samahani nilikuwa zamu za usiku, ndiyo nasoma yote saa hii. Hizo hatua tatu za fundi zina bibi yake huku ninapokaa. Mwaka 1926 manispaa ya Frankfurt ilikuwa inajenga nyumba za wafanyakazi, na mbunifu mmoja mwanamke wa Vienna, Margarete Schütte-Lihotzky, akachora jiko la mita 1.9 kwa 3.4. Hatua za mpishi zilipimwa kwa saa mkononi, na mpangilio wakauiga kwenye jiko la behewa la chakula la treni. Yaliwekwa kama 10,000. Kuna nyumba moja mtaa wa Römerstadt wameirudisha ilivyokuwa, niliingia. Droo ndogo za alumini za unga na mchele, ubao wa pasi unakunjwa ukutani, kila kitu mkono unafika. Pazuri kwelikweli. Ila anaenea mtu mmoja. Wa pili akitaka kuingia, wa kwanza atoke.

Kibwana: Na Shangazi Saumu akitaka kuingia je

Shangazi Saumu: Nimekuona.

Salim Ujerumani: Na mama mwenyewe baadaye alisema wazi kwamba alipolichora alikuwa hajawahi kupika wala kuendesha nyumba 😄 Bosi wake, Ernst May, hakuweza kurudi kwao kwa sababu ya Wanazi, 1934 akaja kulima kwetu Tanganyika. Baadaye akahamia Nairobi. Hoteli ya Oceanic kule Mombasa alichora yeye.

Ba'mdogo Hamza: Alikuja mpaka huku, na uani hakuuona?

Salim Ujerumani: 😂 Hilo sijui ba'mdogo. Ninachosema, jiko lile lilichorwa kwa mke aliyejifungia peke yake mume akiwa kiwandani. Kwa Bibi nani amewahi kupika peke yake? Mmoja anakuna nazi, mmoja anapepeta, mmoja amekuja kuazima mwiko hatoki.

Da Mwanaidi: Ahsante kwa historia Salim. Umetuma?

Salim Ujerumani: Mwisho wa mwezi dada.

Da Mwanaidi: Yuro zinasubiri mwisho wa mwezi. Haya.

Salim Ujerumani: Swali moja tu. Kaunta fundi ameandika sentimita 90. Hicho ndicho kipimo cha dukani. Kaunta ya kukatia inatakiwa iwe chini ya kiwiko sentimita 10 mpaka 15, na Bibi anamfikia Tatu begani. Nani amempima?

Da Mwanaidi: Zuhura si uko hapo, mpime.

Zuhura: Sawa dada.

Ba'mdogo Hamza: Na mtungi wa gesi usikae ndani ya kabati. Ile gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini, huioni, mpaka mtu awashe kiberiti. Mtungi ukae nje, mpira upite ukutani, na tundu la hewa litobolewe karibu na sakafu. Wengi wanatoboa juu tu.

Da Mwanaidi: Hilo nimelipokea. Mnaona? Mchango wa maana ndio huu. Serikali yenyewe inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Sisi Bibi yetu bado anapuliza mkaa, tunaona fahari?

Zuhura: Ana mtungi wa kilo 6 dada, anachemshia chai na kupasha. Wali ndio hataki, anasema gesi haipalii. Akishakauka maji lazima apate mkaa wa juu ya mfuniko.

Ma'mdogo Rehema: Hapo nipo na Bibi. Wali wa gesi unaiva, haunukii.

Kibwana: Kwa hiyo tunaweka graniti halafu tunapalia mkaa juu yake

ALHAMISI

Tatu: Bibi amesema nimrekodi

Tatu: [ujumbe wa sauti, 3:05]

Ma'mdogo Rehema: Tatu mama nipo kwenye daladala, sisikii kitu. Niandikie.

Tatu: Sawa bibi

Tatu: Amesema wasalimieni wote. Picha nimeziona, nzuri. Magoti yangu kibao cha mbuzi yameshakikataa, meza ya kusimama naitaka. Maji ya bomba ndani nayataka. Gesi nimeshaizoea, msinifanye mshamba.

Tatu: Amesema lakini ukuta wa uani haubomolewi. Babu yenu aliuinua ule ukuta mie nina Saumu tumboni. Na wale wanawake siwafukuzi. Nilipomzika baba yake Mwanaidi nyie mlilala siku tatu mkarudi Dar. Sikuwalaumu, mna kazi. Wao ndio walikuja wakakaa na mimi chini wakanitia ukindu mkononi, nikasuka mpaka nikaweza kula.

Tatu: Halafu amesema kabati nilimpa Hamza mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Alikuwa na shida yake na mimi naijua. Asiulizwe tena na mtu yeyote

Tatu: Mwisho amesema mmeniulizia rangi ya taili, mkasahau kuniuliza mimi. Kisha ameniambia nizime

Shangazi Saumu: Tumesikia mama.

Ma'mdogo Rehema: Tumesikia Bibi. Shikamoo.

Salim Ujerumani: Shikamoo Bibi.

Ba'mdogo Hamza: Mama shikamoo.

IJUMAA

Ba'mdogo Hamza: Mbao nitaleta mimi. Mninga, za makabati ya chini yote. Msinirudishie kitu.

Da Mwanaidi: Assalaam aleykum. Bibi shikamoo, nimekusikia. Ba'mdogo, tutaongea mimi na wewe pembeni in shaa Allah.

Ba'mdogo Hamza: Hamna neno mwanangu.

Da Mwanaidi: Sasa jamani, ukuta unabaki. Ila mjue bila kutoa ukuta mchoro wote umekufa. Bomba liko upande wa uani, sinki naliingizaje ndani? Na kisiwa nakiweka wapi?

Salim Ujerumani: Toboeni tundu la bomba tu. Jiko libaki upande wa uani palepale lilipo, liezekwe vizuri, kaunta iende ukuta mmoja wote. Mlango wa uani uwe mpana. Kisiwa kikae nje chini ya kivuli, meza ya terazo, watu wazunguke.

Zuhura: Hapo sawa kabisa. Tena tunaweza kukatia mashupatu.

Da Mwanaidi: Rangi na mchicha meza moja?

Kibwana: Pilau part two

Zuhura: Hapana dada, rangi ibaki kwenye karo lake. Kikundi tumekaa jana usiku. Tunatoa 200,000 karo lijengwe upya, na maji yake yawe na mfereji mbali na kisima. Ila hela itatoka baada ya Sabasaba, mikeka ikishauzwa.

Da Mwanaidi: Baada ya Sabasaba fundi atakuwa Muheza kwenye kazi nyingine. Nimeshamwachia na kianzio.

Shangazi Saumu: Kianzio cha nani? Nani alikuruhusu kabla ya mama kuulizwa?

Da Mwanaidi: Changu shangazi. Cha mfukoni mwangu. Kama kuna mtu mwingine angetoa ningemwambia yeye atangulie.

Shangazi Saumu: Haya.

Da Mwanaidi: Waliotuma mpaka sasa: Ma'mdogo Rehema 100,000. Kibwana 150,000. Tatu 5,000.

Ma'mdogo Rehema: Kibwana???

Kibwana: Mnanionaga mpuuzi tu

Da Mwanaidi: Ahsante Kibwana. Wengine leo ni Ijumaa, leo ndiyo mwisho. Zuhura kiwiko umepima?

Zuhura: Alikuwa amelala dada. Akiamka nitampima.

Da Mwanaidi: Fundi ananipigia hapa. Anauliza Jumatatu aje na nyundo au aje na futi.

Ba'mdogo Hamza: Aje na futi. Nyundo aiache kwao.

Zuhura: Bibi anasema Jumatatu ana kliniki. Na Jumamosi hii sisi tupo uani, ukindu haujakauka.

Da Mwanaidi: Jumanne basi?

Da Mwanaidi: Watu 21 wamesoma. Jumanne nani atakuwa Tanga?