Hilux LN106 (3L) inalia sana ikifika 100: nibadili difu kutoka 4.556 kwenda 4.10?

PikapuNyeupe

Wakuu, habari za humu. Gari ni Hilux LN106 4x4, injini 3L, gia tano za mkono, ekseli ya mbele nzima (siyo IFS, yaani ile ya kila gurudumu na springi yake). Matairi ni 205R16. Kraunwili (gia kubwa ndani ya difu) ina meno 41 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) 9, kwa hiyo difu ni 4.556, yaani 41 gawa kwa 9, mbele na nyuma. Robo tatu ya safari ni lami, Morogoro kwenda Makambako, mzigo kilo 400 hadi 500. Kwenye 90 bado kuna amani, ila ikigusa 100 injini inalia kama inaomba gia ya sita ambayo haipo.

Nataka mlio upungue na mafuta pia yapungue. Je, niweke difu za 4.10, au niende kabisa 3.727? Au nibadili gia ya tano ndani ya giaboksi? Na mlima Kitonga itapanda?

HesabuZaGia

Mkuu, anza na karatasi kabla ya spana. 205R16 ikizunguka mara moja inatembea karibu mita 2.26. Kwenye 100 km/h gurudumu linazunguka kama mara 737 kwa dakika. Zidisha kwa difu, kisha zidisha kwa gia ya tano, ambayo kwenye giaboksi hiyo ni karibu 0.85. Unapata hivi ukiwa kwenye 100:

4.556: karibu rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) 2,860
4.10: karibu 2,570
3.909: karibu 2,450
3.727: karibu 2,340

3L inatoa mvuto wake mkubwa karibu na 2,400. Difu ya 4.10 inakuweka juu kidogo ya hapo ukiwa 100, na ukiwa 80 unabaki na 2,060 hivi, ambayo bado inavuta. Hilo ndilo eneo unalotaka.

Sasa angalia kitu ambacho wengi hawaangalii, yaani gia ya nne. Gia ya nne ni moja kwa moja, 1.00, kwa hiyo uwiano wake wote ni ule wa difu. Leo nne yako ni 4.556 na tano yako ni 3.88. Ukiweka 4.10, nne mpya inaangukia katikati ya nne na tano za zamani, na tano inakuwa 3.49. Mpangilio mzuri: kilima kidogo unarudi nne na bado unakwenda. Ukiweka 3.727, nne mpya inakuwa nzito kuliko tano ya zamani! Ukiwa na kilo 500 gari haitashika tano isipokuwa kwenye tambarare bila upepo wa mbele. Utaishi kwenye gia ya nne, na utakuwa umelipia gia ya tano usiyoitumia. 3.727 ni ya injini yenye tabo au gari inayotembea tupu.

Kitonga itapanda, ila tegemea kushuka gia moja mapema kuliko ulivyozoea. Gia ya kwanza nayo inakuwa nzito kwa asilimia 10, utaisikia ukianza kuondoka kilimani na mzigo. Klachi iliyokwisha nusu itaanza kunuka hapo. Ukikwama kwenye vumbi, 4L (4x4 ya gia ya chini) ipo.

LitaKwaKilomita

Naunga mkono 4.10, ila tusidanganyane upande wa mafuta. Kupunguza rpm kwa asilimia 10 hakupunguzi mafuta kwa asilimia 10. Nguvu ya kusukuma upepo kwenye 100 ni ileile, difu iwe yoyote. Kinachopungua ni msuguano wa ndani ya injini: pistoni, beringi, pampu. Gari ya petroli hufaidika zaidi kwa sababu unalazimika kufungua koo la hewa zaidi, injini inavuta hewa bila kubanwa. Dizeli ya zamani kama 3L haina kizuizi hicho cha hewa, kwa hiyo faida yake ni ndogo zaidi. Ukipata asilimia 4 au 5 shukuru.

Kwa mfano gari ikila lita 12 kwa kilomita 100 na ukaokoa asilimia 5, hiyo ni lita 0.6. Ukitembea kilomita 20,000 kwa mwaka ni lita 120. Linganisha na bei ya difu mbili, sili, oili na mkono wa fundi, halafu amua kama unanunua utulivu au unanunua mafuta. Utulivu utaupata. Mafuta, kidogo.

Kumbuka pia nguvu ya upepo inapanda kwa mraba wa spidi. Ukitoka 110 kwenda 90 upepo unaokuzuia unapungua kwa theluthi nzima. Hakuna difu duniani itakayokupa hiyo.

Na hakikisha kelele unayoisikia ni ya injini. Ukiwa 100 kwenye mteremko salama, kanyaga klachi sekunde mbili, rpm zishuke, usikilize. Kelele ikibaki ileile, tatizo ni matairi ya matope, beringi za magurudumu, kros za propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) au mpira wa milango. Difu haitagusa hayo.

FundiKichwaChaDifu

Nitaeleza kazi yenyewe, maana LN106 ni rahisi kwa upande mmoja na inachosha kwa upande mwingine.

Urahisi: difu ya mbele na ya nyuma ni aina moja, ya inchi 8, na kichwa chake (kraunwili, pinioni na beringi zake kwa pamoja) kinatoka kizima kwa mbele. Usinunue kraunwili na pinioni peke yake kama unaweza kupata vichwa viwili vizima vya 4.10. Kichwa kizima kilishapangwa kiwandani. Kraunwili na pinioni mpya zinahitaji mtu mwenye dayo geji (saa ya kupimia mchezo wa meno), toki spana (spana inayopima nguvu ya kukaza) ya pinioni na subira, na watu hao si wengi.

Dukani usiamini maandishi ya chaki. Geuza flanji ya pinioni na uhesabu: 4.10 ni meno 41 kwa 10, kwa hiyo kraunwili ikizunguka mara 10 kamili, pinioni inazunguka 41. Angalia meno: yang'ae sawasawa, yasiwe na mashimo wala ngazi pembeni. Shika flanji uivute juu na chini; ikicheza hata kidogo, beringi za pinioni zimekwisha. Pima pia matundu ya flanji kulingana na propela yako, kuna nafasi za bolti zinazotofautiana. Ukikuta kichwa kimoja kizuri na kingine cha wastani, kizuri weka nyuma. Cha mbele kikivuta kwenda mbele kinasukuma upande wa pili wa jino, upande ambao hauchoki sana kichwa kikiwa nyuma.

Nyuma: mwaga oili, toa magurudumu na drami, fungua paipu ya breki na waya wa hendibreki, legeza nati nne za kila upande, kisha vuta hafshafti (shafti za kutoka difu kwenda magurudumu) pamoja na sahani ya breki. Huhitaji kuzitoa nje kabisa; zikishaachana na gia za ndani inatosha. Fungua propela (weka alama ya rangi ili irudi ilipokuwa), halafu nati zinazozunguka kichwa. Kina uzito wa zaidi ya kilo 30 na kitadondoka ghafla, weka jeki chini yake, usiweke kifua. Safisha ndani ya nyumba ya difu kwa dizeli na kitambaa, usiache uzi. Gasketi mpya na silikoni nyembamba. Sili za hafshafti badilisha hapohapo. Ukizirudisha za zamani zitavuja kwenye viatu vya breki ndani ya mwezi. Mwisho toa upepo wa breki.

Mbele ndiko siku inakoishia. Lazima utoe fri-wili habu (kifungio cha 4x4 kwenye gurudumu), nati kubwa za beringi (soketi ya mm 54, usipige kwa patasi), habu, spindeli, kisha uvute shafti na kikombe chake. Kwa kuwa umeshafika huko, weka sili za nakoo (kiungo kinachogeuza gurudumu), grisi mpya ya beringi na gasketi za spindeli. Kufungua tena baadaye kwa sababu ya sili moja kunauma.

Oili ni GL-5, 85W-90, kila difu zaidi kidogo ya lita 2. Jaza mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kujazia gari ikiwa usawa.

Kama umelazimika kuweka kraunwili mpya: pleyi (nafasi ya kucheza) kati yake na pinioni iwe mm 0.13 hadi 0.18, ipimwe sehemu tatu au nne za mzunguko. Bolti za kraunwili Nm 97, zikiwa safi na zenye gundi ya uzi. Bomba la kubanika la pinioni ni jipya kila mara. Ukipitiliza kukaza nati ya pinioni huwezi kurudisha nyuma kwa kulegeza. Toa, weka bomba jipya, anza upya. Hapa ndipo difu nyingi huuawa: fundi anakaza "mpaka ishike", beringi zinachemka kilomita 200 za kwanza. Paka rangi kwenye meno, zungusha, alama ikae katikati ya jino. Ikilia ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, pinioni haiko kwenye kina chake. Mlio usiobadilika, ukanyage au uachie, ni beringi.

Kraunwili mpya itembee dakika 20 bila mzigo, ipoe kabisa, irudie mara mbili tatu. Kilomita 800 za mwanzo usibebe mzigo wala kuvuta tela, halafu mwaga oili.

HesabuZaGia

Niongeze kwa herufi kubwa: MBELE NA NYUMA LAZIMA ZIFANANE. Ukiweka 4.10 nyuma leo na mbele usubiri mwezi ujao, toa propela ya mbele kabisa. Ukiingiza 4H (4x4 ya gia ya juu) kwa bahati mbaya na difu mbili tofauti, kitu kitavunjika kwenye transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) au kwenye shafti za mbele. Kwenye lami ndiyo mbaya zaidi.

TairiKubwa

Kwa nini asiweke 7.50R16 tu? Kipenyo chake ni zaidi ya mm 800, yake ya sasa ni kama mm 740. Hiyo ni asilimia 8 bila kufungua bolti moja ya difu.

FundiKichwaChaDifu

@TairiKubwa hesabu ni sahihi na kwa anayekwenda porini ni jibu zuri. Kwa huyu wa lami, sina hakika. Tairi hiyo ni nzito zaidi, breki zilezile zinasimamisha gurudumu kubwa, gari inainuka sentimita 3 na upepo unaingia zaidi chini. Kashata (meno ya tairi) nyingi za 7.50 zinavuma kuliko injini anayoilalamikia. Pia akikata kona kali akiwa na mzigo angalia isiguse springi.

GofuYaMagharibi

Wenye magari ya kuvuta mbele wanaosoma hapa: kwenu difu iko ndani ya giaboksi, habari ni nyingine. Lakini VW zenye TDI (dizeli yenye tabo) ya gia tano (Golf na Jetta za kizazi cha nne) zina njia fupi. Gia ya tano imekaa mwisho kabisa, nyuma ya kifuniko upande wa gurudumu la kushoto, inabadilishwa giaboksi ikiwa kwenye gari. Ya kawaida kwenye nyingi ni 0.756; kuna 0.717 (rpm zinapungua 5%), 0.681 (10%) na 0.658 (13%). Nunua gia zote mbili kama jozi, ya juu na ya chini. 0.658 inaacha pengo kubwa kutoka nne. Ukiwa 80 kwenye tano injini inatetemeka.

PikapuNyeupe

Asanteni sana wakuu, nimeelewa, 4.10 mbele na nyuma. Swali moja limebaki: spidomita itasoma nini?

HesabuZaGia

Itasoma pungufu, na hiyo ni hatari kuliko unavyodhani. Waya wa spidomita unatoka kwenye transfa, kabla ya difu. Difu ya mbio (yenye namba ndogo, kama 4.10) inafanya propela izunguke polepole, kwa hiyo geji ikisema 50 kijijini wewe uko 55 na nusu. Ikisema 80 uko karibu 89. Mwenye tochi hasomi geji yako.

Dawa: kwenye transfa kuna gia ndogo ya plastiki ya waya wa spidomita. Hesabu meno yake, zidisha kwa 0.9. Ikiwa na 33 tafuta 30. Kabla ya kununua, linganisha na GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka, maana geji nyingi huwa zimeshazidisha kidogo tangu kiwandani.

Mpaka uibadilishe, kilomita za kwenye dashibodi zidisha kwa 1.11. Usipofanya hivyo utapiga hesabu ya mafuta, utaona gari inakula zaidi kuliko zamani, na utarudi humu kututukana.

PikapuNyeupe

Hahaa, sawa mkuu. Jumamosi nahesabu meno ya plastiki.