Boston hadi Portland kwa njia ya pwani: kombe za kukaanga tule wapi, na mbichi tuzibebe vipi?

Msafiri_Route1

Wakuu, salaam. Jumamosi moja ya Julai tunatoka Boston kwenda Portland, Maine, watu watano gari moja, wawili ni wageni kutoka Tanga. Barabara kuu ya I-95 hatuitaki, tunataka kuambaa na pwani, tule kombe za kukaanga njiani, halafu tununue kombe na chaza mbichi za kupika jioni tukifika. Tukisimama sehemu mbili tu kula, tusimame wapi? Mbona kila menyu ina bei mbili za kitu kilekile, moja karibu nusu ya nyingine? Wageni ni Waislamu, kuna la kuangalia? Na kwa joto la Julai kombe zitavumilia saa ngapi ndani ya gari? Naomba majibu ya vitendo. "Pale patamu sana" haitatusaidia.

KombeNaNdimu

Bei kwanza, maana ndiyo inayowaliza watu dirishani. Si kitu kilekile. Palipoandikwa "strips" ni vipande vya mguu wa kombe kubwa za baharini ambazo meli huzikokota kwa dreji, chombo cha kukwangua sakafu ya bahari. Hukatwa kiwandani, mara nyingi hufika zimegandishwa. Zina utamu kidogo, ila ni za kutafuna kama mpira. Palipoandikwa "whole belly" ni kombe nyingine kabisa, zenye gamba jembamba linalovunjika kwa vidole, zinazochimbwa kwa mkono na uma kwenye tope maji yakitoka. Hizo hukaangwa nzima na tumbo lake. Utamu wote uko tumboni, na kazi yote iko kwenye kuzichimba na kuzibanja, ndiyo maana sahani mara nyingi inapita dola 30. Menyu ikisema "market price" uliza kabla hujaagiza, bei hubadilika wiki kwa wiki.

Kituo cha kwanza: Essex, kama kilomita 45 kutoka Boston. Fuata barabara ya 128 kuelekea Gloucester halafu ingia Route 133. Woodman's wako hapo, na wao ndio wanaojitangaza kwamba kombe ya kwanza kukaangwa ilikaangwa kwao tarehe 3 Julai 1916. Sifa hiyo ina wabishi wake, lakini mji wenyewe umezungukwa na tope la kombe, kwa hiyo hamjakosea mahali. Farnham's nao wako kwenye 133 hiyohiyo, wanatazama bwawa la maji chumvi. Mkiendelea mnafika Ipswich, na kwenye Route 1A kuna Clam Box, jengo lenye umbo la boksi la karatasi la kuwekea kombe. Hamtaikosa. Chagueni kati ya Essex na Ipswich, msile kote kuwili, ni jirani mno.

Kituo cha pili: Kittery, mkishavuka kutoka New Hampshire. Bob's Clam Hut wako kwenye Route 1 tangu 1956. Wana mitindo miwili: mmoja kombe hupakwa unga tu, mwingine huchovywa kwanza kwenye yai. Agizeni sahani moja ya kila mtindo mgawane.

Muda: fikeni Essex kabla ya saa tano na nusu asubuhi. Saa sita na nusu foleni ya Jumamosi imeshafika barabarani. Kwa njia hii mtatumia karibu mara mbili ya muda wa I-95, bila kuhesabu kula.

Mpishi_wa_Zamu

Naongezea namna ya kujua kama sahani uliyopewa ni nzuri, maana hata duka lenye jina hukosea saa za msongamano.

Chukua kombe moja, iangalie. Unga uwe mwembamba kiasi kwamba umbo la kombe linaonekana: mviringo wa tumbo, ukanda mwembamba unaolizunguka, na shingo fupi. Ukiona donge lisilo na umbo, unga ulipakwa mapema ukalowa ukawa uji. Rangi iwe ya dhahabu. Kahawia iliyoiva sana pamoja na uchungu kwenye ulimi maana yake mafuta yamechoka. Clam Box wamejulikana miaka mingi kwa kubadilisha mafuta katikati ya siku, na ukila saa za mchana utaelewa kwa nini.

Ng'ata tumbo. Ndani linatakiwa liwe laini kama kiini cha yai la kuchemsha ambalo halijakauka, na likutolee maji ya chumvi. Ukikuta rangi ya kijani au nyeusi usishtuke, ni mwani ulioliwa na kombe. Mchanga ndio kosa: haikuoshwa vizuri. Tumbo kubwa kama bamia nene ni la kukwepa, linachosha mdomo na katikati huchelewa kuiva. Dogo, la ukubwa wa kidole gumba, ndilo lenyewe.

Karatasi iliyo chini ya boksi ikiwa imelowa chapachapa kabla hujala nusu, mafuta hayakuwa na moto wa kutosha, au walijaza kikapu. Na tafadhali msifunike boksi ili mle mbele ya safari. Mvuke utalainisha kila kitu ndani ya dakika tano. Kombe za kukaanga huliwa palepale, ikibidi mkiwa mmesimama.

Mrima_Diaspora

Kuhusu wageni wa Tanga. Kwa Shafii, ambao ndio wengi pwani kwetu, kombe na chaza hazina shida. Shida ni mafuta. Woodman's wanajulikana kwa kukaangia mafuta ya nguruwe, huo ndio utamaduni wao na hawaufichi. Kwingine hutumia mafuta ya mimea, au ya ng'ombe, au mchanganyiko, na duka linaweza kubadilisha msimu mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo msitegemee orodha ya mtandaoni, ulizeni dirishani kwa neno lenyewe: "Do you fry in lard?" Wameshazoea, wana wateja wengi wenye mzio.

Mitego mingine mitatu. Supu nzito ya kombe mara nyingi huanza na nyama ya nguruwe ya chumvi au bekoni, hata kama huoni kipande. Samaki wa kukaanga huweza kuchovywa kwenye unga uliokorogwa kwa bia. Na karai la mafuta mara nyingi ni moja, hivyo hata chipsi na vitunguu vya kukaanga hubeba kile kilichotangulia humo. Ikishindikana kabisa, agizeni kombe za kuchemsha kwa mvuke, zinaitwa "steamers". Ni kombe zilezile za gamba jembamba, huja na bakuli la mchuzi wake na siagi. Unavua ile ngozi nyeusi ya shingoni kama soksi, unaisuuza kombe kwenye mchuzi kutoa mchanga, unachovya kwenye siagi.

(Kukiwa na Msabato garini, huyo mnunulieni samaki mwenye magamba.)

SokoLaFeri

Za kubeba mbichi msinunue Essex asubuhi. Nunueni mwisho wa safari, Portland kwenyewe, duka la samaki la gatini. Mtakuwa mmeshafuta tatizo la joto.

Kila gunia la kombe, chaza au kome linalouzwa kihalali Marekani huja na lebo: nani kavuna, eneo gani, tarehe gani. Muuzaji anatakiwa aitunze siku 90 baada ya gunia kuisha. Omba kuiona. Akiguna, ondoka. Zaidi ya siku tatu tangu kuvunwa, kombe za gamba jembamba usichukue. Chaza huvumilia zaidi.

Kipimo cha "iliyofunga kabisa ndiyo hai" hakifai kwa kombe hizi, na hapo ndipo wengi hutupa nzuri wakabaki na mbaya. Gamba lake halifungi, shingo hubaki imechomoza. Iguse shingo kwa ncha ya kidole: ikijikunja, iko hai. Ikiwa imelegea na haistuki, tupa. Iliyovunjika gamba pia tupa. Kwa kombe za gamba gumu na chaza, hapo ndiyo utumie kipimo cha kufunga: gonga mbili pamoja, iliyo wazi ikikataa kufunga ni mfu.

Kwenye boksi la barafu: barafu chini, juu yake trei au kitu chochote chenye matundu, kombe juu, kisha taulo iliyoloweshwa maji ya chumvi ikakamuliwa. Acha kitobo cha chini wazi ili maji ya barafu yatoke. Zikilala kwenye maji baridi yasiyo na chumvi zitakufa, na kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa zitakosa hewa. Chaza upande wa kikombe, yaani gamba lililobonyea, uwe chini zisimwage maji yake. Lengo ni nyuzi 5 za Selsiasi au chini.

Chaza mbichi kwa kiangazi: bakteria aina ya vibrio huongezeka maji yakipata joto. Mwenye ugonjwa wa ini au kinga dhaifu ale zilizopikwa tu. Ndimu na pilipili haziui kitu.

Bamvua

Nawaona mnavyoelekea: mtafika mkaona tope, maji yamepwa, na wageni wa Tanga watataka kuokota wenyewe. Msifanye hivyo bila leseni. Leseni ya kuchimba kwa kawaida hutolewa na mji wenyewe, kila mji una masharti yake, na kombe isiyofika inchi 2 inarudishwa.

La pili ni zito zaidi. Mvua kubwa ikinyesha, maeneo hufungwa kwa sababu ya uchafu unaoteremka na maji. Na kuna miezi ambapo vijimea vya baharini hujaza sumu ndani ya kombe. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kugandisha, na kombe yenyewe inaonekana na kunukia sawasawa. Midomo na vidole huanza kufa ganzi, baadaye pumzi. Massachusetts (jimbo la Essex na Ipswich) na Maine hupima na kutangaza maeneo yaliyofungwa, ramani ziko kwenye tovuti za idara zao za uvuvi. Kwa sababu hiyohiyo, mkifika Essex mkaambiwa kombe za leo zimetoka Maine, msidhani mnaibiwa. Pengine tope la hapo limefungwa tangu mvua ya juzi.

Msafiri_Route1

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichouliza. Moja la mwisho: kwa sababu ya mafuta ya nguruwe tunafikiria kukaanga wenyewe Portland. Unga gani?

Mpishi_wa_Zamu

Nunueni kombe zilizokwishabanjwa, painti moja (karibu nusu lita) inatosha watu wawili. Kwa watano, painti mbili na nusu. Zichujeni kwenye chekeche dakika kumi, msizioshe kwa maji mengi. Zenye maji hupasuka kwenye mafuta na kuwarukia.

Kwa painti moja: kikombe kimoja cha maziwa ya kopo yasiyo na sukari, kikombe kimoja cha unga wa mahindi uliosagwa laini kabisa, na kimoja cha unga wa ngano. Sembe inafaa ukiichekecha. Unga wa njano wenye chenga unakwaruza, na ule wa Kimeksiko wa kutengenezea chapati za mahindi umepitia chokaa, ladha yake ni nyingine. Chumvi isiwemo kwenye unga, inyunyizwe mwisho.

Mafuta ya karanga au kanola, kina cha sentimita 8, kwenye sufuria isiyojaa zaidi ya nusu. Nyuzi 185 kwa kipimajoto, msikisie. Chovya konzi moja kwenye maziwa, inua yachuruzike, tupa kwenye unga, tikisa ndani ya chekeche unga wa ziada uanguke, kisha zitie mara moja. Sekunde 60 hadi 90. Sauti ya kuchemka ikianza kupungua, toa. Subiri moto urudi 185 kabla ya konzi inayofuata. Usipake unga za raundi tatu kwa pamoja eti uokoe muda.

Msafiri_Route1

Nyuzi 185 ni za Selsiasi, siyo? Jiko la huku limeandikwa Farenhaiti.

Mpishi_wa_Zamu

Selsiasi. Kwa Farenhaiti ni 365. Ukiweka 185 ya Farenhaiti utakuwa unazichemsha.